Kifuani kwa Zefania

Asubuhi ile ya Jumanne Zefania alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kukamua alizeti, spana mkononi na uso umejaa vumbi la makapi, aliposikia simu yake ikiita juu ya gunia. Hakuamka. Ulikuwa mwezi wa sita, alizeti zinaingia kutoka kila upande, na pale Misigiri mashine ikisimama nusu saa tu wakulima wanaanza kuyafunga upya magunia yao wayapeleke kwingine. Simu ikakata, ikaita tena. Mara ya tatu mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri mafuta yake akaiokota, akatazama kioo.

"Fundi, ni mama yako. Mtu hapigi mara tatu kwa ajili ya salamu."

Zefania akajivuta kutoka chini ya mashine, akaipokea simu kwa vidole viwili ili asiichafue.

"Shikamoo mama."

"Njoo nyumbani," alisema Agripina, mama yake, bila hata kuitikia. "Mkeo anasema haoni vizuri. Anasema ukutani kuna vimulimuli."

Spana ilimdondoka. Hakumuaga mtu. Aliwasha pikipiki ya kazini akaondoka, na njia nzima maneno hayo mawili, haoni vizuri, yalikuwa yakimgonga kichwani.

Evodia alikuwa na mimba ya miezi saba. Walikuwa wameoana miaka minne iliyopita. Mimba yao ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi mitatu, na baada ya hapo miaka miwili ilipita kavu, watu wakaanza kumtazama Evodia tumboni kabla ya kumtazama usoni. Hii ilipofika mwezi wa tano na mtoto akaanza kucheza, Zefania aliruhusu moyo wake ufurahi. Usiku Evodia alikuwa akimshika mkono na kuuweka tumboni, na yeye, mwanamume wa miaka thelathini na moja aliyezoea kushika vyuma, alikuwa akiogopa hata kuubonyeza.

Wiki tatu nyuma, nesi Stumai wa zahanati alikuwa amewaambia kwamba presha ya Evodia imeanza kupanda. Alimpa dawa, akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu: arudi kila wiki. Wiki ya kwanza walikwenda. Wiki ya pili mkanda wa mashine ulikatika, Zefania akasema watakwenda Jumatatu. Jumatatu ikapita na alizeti. Miguu ya Evodia ilivimba hadi akawa anavaa kandambili za mumewe, na uso ukajaa. Agripina alimwangalia akasema, "Mimba ndivyo ilivyo. Mimi nilivimba na Zefania nikadhani nitapasuka." Zefania aliyaamini maneno ya mama yake kwa sababu yalikuwa mepesi kuyaamini.

Alimkuta Evodia ameketi sakafuni kando ya cherehani yake, ameegemea ukuta, mikono miwili imekishika kichwa. Gauni la mteja lilikuwa bado limebanwa kwenye sindano.

"Zefa, ni wewe?" aliuliza, na huku alikuwa anamtazama.

"Ni mimi."

"Kichwa. Na hapa." Aligusa chini ya mbavu, upande wa kulia. "Kama mtu ananiminya."

Walimpakia kwenye pikipiki, Zefania mbele, Evodia katikati, na Agripina nyuma akiwa amemkumbatia mkwewe kiunoni asianguke. Zahanati haikuwa mbali. Zefania aliendesha polepole kama mtu aliyebeba mayai, na kila shimo aliloliingia alilisikia ndani ya meno yake mwenyewe.

Nesi Stumai aliuvalisha mkono wa Evodia kipimo, akakipuliza, akatazama. Akakitoa, akauvalisha mkono wa pili, akapima tena. Zefania alikuwa akimwangalia usoni, maana namba asingezielewa, na uso ule ulikuwa umefungwa kama dirisha.

"Kichwa kinauma tangu lini?"

"Tangu Alhamisi," alisema Evodia.

Alhamisi. Zefania aliikumbuka vizuri. Alikuwa amerudi kutoka kazini mikono inanata mafuta, Evodia akamwambia kichwa kinamgonga, na yeye akamjibu anywe maji alale, ni jua hilo. Hata hakuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Mia moja na themanini kwa mia moja na ishirini," Stumai alisema hatimaye. "Hii siyo presha ya kukaa nayo hapa. Mlaze kitandani." Alipima mkojo wake kwa kijikaratasi, kikabadilika rangi hapo hapo. Kisha akavuta dawa kwenye mabomba mawili makubwa ya sindano. "Evodia, dada yangu, hizi zinauma. Sindano moja kila tako. Ni za kuzuia degedege. Vumilia."

Evodia alivumilia. Agripina aligeuza uso. Stumai alikuwa tayari ameshika simu, anaita gari la wagonjwa, na sauti yake sasa ilikuwa ya haraka: mama mjamzito, wiki thelathini na mbili, dalili zote za kifafa cha mimba, njooni sasa hivi. Lilipofika, alifunga mlango wa zahanati, akamwachia mhudumu ufunguo, akapanda naye.

Walikuwa wamefika kama nusu ya njia kwenda wilayani Evodia alipoacha kujibu. Stumai alimwita jina mara mbili. Macho yake yalikwenda upande mmoja yakabaki huko, mdomo ukaanza kuchezacheza, kisha mwili mzima ukakakamaa kama ubao na kuanza kutupwa. Zefania alikuwa hajawahi kuona kitu kama kile. Alivua kofia yake akataka kuibana katikati ya meno ya mkewe, kama alivyosikia watu wakisema.

"Acha! Usimtie kitu mdomoni!" Stumai alimpiga mkono. "Mgeuze. Ubavu wa kushoto. Mshike tu asianguke, usimzuie."

Alimshika. Mwili ule aliokuwa akiujua kuliko mwili wake ulikuwa ukimrukaruka mikononi kama wa mtu mgeni, povu lenye damu likitoka pembeni mwa mdomo, na Agripina pale mbele karibu na dereva alikuwa akiomba kwa Kinyiramba, kwa sauti ya juu, bila kituo. Ilichukua dakika moja, labda moja na nusu. Zefania angeapa mahakamani kwamba ilikuwa saa nzima. Ulipotulia, Evodia alianza kukoroma, mkoromo mzito wa mtu aliye mbali sana. Stumai alitega kifaa tumboni, akasikiliza, akasogeza, akasikiliza tena.

"Mtoto yupo," alisema.

Hospitalini walimpokea mbio, kitanda kikapita milango miwili na Zefania akabaki upande wa huku. Baada ya muda akatoka daktari mmoja mwembamba, kijana kuliko yeye, akajitambulisha kwa jina la Fredrick. Hakuzunguka.

"Ndugu, mkeo ana kifafa cha mimba. Tumemdhibiti kwa dawa, lakini dawa haimponyi. Kinachomponya ni mimba kutoka. Tunataka kumfanyia upasuaji sasa hivi."

"Na mtoto?"

"Mtoto atakuwa njiti, hajatimiza muda. Tutampigania. Lakini tukisubiri akomae, degedege nyingine ikija tunaweza kuwapoteza wote wawili. Nahitaji sahihi yako hapa."

Zefania aliitazama ile karatasi. Agripina alimshika kiwiko akamvuta pembeni.

"Mwanangu, subiri kidogo. Binti siyo wetu peke yetu. Ana baba yake Sepuka. Mtu achanwe tumbo na wazazi wake hawajui? Likitokea la kutokea utasema nini mbele yao?"

Alikuwa na haki ya kuogopa hivyo. Zefania alipiga simu ya mkwewe, mzee Mughwai. Haikupatikana. Alipiga tena. Sauti ya yule mwanamke wa mtandao ikamwambia ajaribu baadaye. Daktari Fredrick alikuwa amesimama palepale, kalamu mkononi, na mguu wake mmoja ulikuwa tayari umeelekea mlangoni.

"Mama," alisema Zefania, "nikingoja Sepuka ipatikane, nitawapelekea maiti."

Akaweka sahihi. Jina lake likatoka kama la mtoto wa darasa la kwanza, na mafuta ya mashine yakaacha doa jeusi chini yake.

Walikaa kwenye benchi. Jua la saa nane lilikuwa linachoma ua, na upepo wa kipupwe wa Iramba ulikuwa ukisukuma vumbi chini ya mlango. Agripina, aliyekuwa na kikohozi tangu wiki iliyopita, alikohoa kwenye kanga yake. Zefania alijaribu kusali, lakini kila alipoanza, Alhamisi ilimjia mbele. Sahani ya ugali. Jua hilo. Unywe maji ulale. Alitaka kumwambia mtu jambo lile, ila mtu pekee wa kuambiwa alikuwa ndani, amepigwa nusu kaputi.

Mlango ulipofunguliwa, aliyetoka hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi wa kiume, mnene, mwenye sauti ndogo, na kibandiko cha jina kifuani: Calist. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kitenge, kidogo mno hata Zefania alidhani ni vifaa.

"Baba wa mtoto wa Evodia ni nani?"

Ilimchukua muda kuelewa kwamba anaitwa yeye.

"Binti. Kilo moja na gramu mia tatu. Amelia, kidogo, lakini amelia. Nifuate haraka."

"Na mke wangu?"

"Wapo naye. Ametoka damu nyingi, wanamwongezea. Siwezi kukwambia zaidi ya hapo kwa sababu sijui. Huyu ninamjua, na huyu anapoteza joto."

Katika chumba cha njiti kulikuwa na akina mama wanne, kila mmoja ameegemea kitanda na kichwa cha mtoto kimechungulia kwenye shingo ya nguo yake. Calist alimlaza mtoto mezani, akampima, akamvalisha kofia na soksi zilizokuwa kubwa kwake. Zefania alimwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwekundu, ngozi nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na mbavu zake zilikuwa zikiingia na kutoka kwa kasi ya kutisha.

"Anatakiwa kukaa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi," alisema Calist. "Kama kangaruu. Hiyo ndiyo dawa yake ya kwanza. Kwa kawaida ni mama. Mama yake hawezi leo. Bibi?"

Agripina alikohoa mlangoni, akatikisa kichwa kwa huzuni. Calist naye akatikisa cha kwake.

"Basi ni wewe. Vua shati, kanawe mpaka kwenye mabega."

"Mimi?"

"Kuna baba mwingine hapa?"

Wale akina mama wanne walikuwa wakimtazama. Nyuma yake alimsikia mama yake akinong'ona, "Mwanamume abebe mtoto mbichi? Zefania, hiyo haijawahi kuonekana kwetu." Zefania alikwenda kwenye bomba, akanawa kwa sabuni, akasugua, akanawa tena. Mafuta ya alizeti yalikuwa yamemwingia kwenye ngozi miaka tisa, hayatoki kwa siku moja.

"Nanuka mashudu," alimwambia Calist, kwa aibu.

"Harufu haitamuua. Baridi ndiyo itamuua. Kaa."

Alikaa. Calist alimweka mtoto katikati ya kifua chake, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa pembeni, akawafunga pamoja kwa kitenge, akakaza. Zefania aliacha kupumua. Uzito haukuwepo. Kilichokuwepo ni ubaridi mdogo kwenye ngozi yake, na ndani ya ubaridi ule mapigo ya haraka, kama ya kifaranga ukimshika mkononi.

"Pumua wewe," Calist alimwambia. "Anakufuata wewe. Na sikiliza. Watoto hawa wakati mwingine wanasahau kupumua. Akinyamaza, akibadilika rangi, msugue nyayo. Usipige kelele kwanza. Msugue, kisha niite."

Jioni ile daktari alikuja akasema Evodia yuko hai, damu imesimama, lakini hajaamka. Siku iliyofuata hakuamka pia. Wauguzi walikuwa wakimkamua maziwa yake ya kwanza, ya njano, matone machache kwenye kikombe, na kumpa mtoto kwa mpira mwembamba uliopita puani. Zefania alilala amekaa, alikula amekaa, na alipokwenda msalani Calist alimshikia mtoto kwa dakika chache. Mara mbili kwa siku alisimama mlangoni mwa wodi ya mkewe, mtoto kifuani, akamtazama Evodia kwa mbali na mpira wa oksijeni usoni.

Ilitokea Alhamisi, mchana wa saa saba. Alikuwa anasinzia. Kilichomwamsha hakikuwa sauti, kilikuwa kukosekana kwa kitu. Zile mbavu ndogo zilizokuwa zikimsugua kifua siku mbili zilikuwa zimetulia. Alifungua kitenge. Midomo ya mtoto ilikuwa ya bluu.

Akasugua nyayo. Hakuna. Akasugua tena kwa kidole gumba, kile kidole kigumu cha kukazia nati, kwa nguvu aliyoogopa kwamba itamchuna ngozi. "Mama," alimwambia, kama mtu anavyomwita binti yake, "mama, vuta. Vuta hewa." Mmoja wa wale wanawake alikuwa tayari anapiga kelele kumwita Calist. Zefania alisugua, akapapasa mgongo, akasugua, na ndipo mwili ule mdogo ukashtuka mara moja kama mtu aliyemwagiwa maji, kifua kikainuka, na kilio chembamba kikatoka, kilio cha hasira.

Calist alifika anahema. Alimtazama mtoto, akapima, akamrudisha mahali pake, akakaza kitenge.

"Umefanya vizuri," alisema.

Zefania alilia mbele ya wale wanawake wanne, hakujificha, na mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, anaona.

Kesho yake, saa nne asubuhi, walimwita wodini. Evodia alikuwa ameamka. Jua lilikuwa limejaa dirishani, limeangukia shuka lake lote. Alisikia hatua za mumewe akageuza kichwa, lakini macho yake yalipita pembeni mwa bega lake.

"Zefa," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "mbona mmezima taa?"

Zefania alimtazama daktari Fredrick. Daktari alimpungia Evodia mkono mbele ya macho. Hayakufuata.

Nje ya wodi daktari alimweleza taratibu. Ugonjwa ule huvimbisha ubongo, na wakati mwingine sehemu inayohusika na kuona hupata shida. Mara nyingi macho hurudi, ndani ya siku, ndani ya wiki. "Mara nyingi," Zefania alirudia. "Mara nyingi," alisema daktari. "Siwezi kukuahidi."

Alirudi ndani akaketi kitandani kwa Evodia, akaushika mkono wake, akauingiza chini ya kitenge, juu ya mgongo wa mtoto. Vidole vya fundi cherehani vilitembea juu ya uti ule mdogo, kofia, sikio, mguu ulioingia wote ndani ya kiganja.

"Ni mtu huyu?" Evodia aliuliza.

"Ni mtu. Ni binti. Ni mkali."

Mkono wake ulibaki palepale. Kisha akasema, bila hasira, kama anayesoma kadi, "Nilikwambia Alhamisi ile."

"Uliniambia."

"Ukasema ni jua."

"Nilisema." Alikuwa ameandaa maneno mengi siku zote zile, na sasa hakuna lililofaa. "Sikukusikiliza, Evodia. Nisamehe."

Hakumjibu siku ile. Lakini mkono hakuutoa.

Jumamosi mzee Mughwai aliwasili kutoka Sepuka, fimbo mkononi na vumbi hadi magotini. Simu yake ilikuwa imeharibika na habari alizipata kwa mtu wa minadani. Agripina alisimama, tayari kujieleza. Mzee alimtazama binti yake, akamtazama mkwewe aliyefungwa mtoto kifuani, akauliza ni nani aliyeweka sahihi. Zefania akamwamkia, akasema ni yeye, na kwamba hakungoja.

"Marahaba," alisema mzee. "Ungengoja ningekushtaki." Akaketi chini, akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Macho ya Evodia yalirudi kidogo kidogo. Jumapili aliona dirisha, jeupe tu, kama shuka limeanikwa. Jumatatu aliona watu wakipita kama vivuli. Jumanne, wiki moja tangu siku ile, Zefania alikuwa akimlisha uji akasikia kijiko kimezuiwa hewani. Evodia alikuwa akimtazama yeye, siyo bega lake.

"Umekonda," alisema. "Mlete mtoto nimwone kabla macho haya hayajabadili nia."

Walikaa hospitalini wiki tano. Evodia alipopata nguvu wakawa wanapokezana, yeye mchana, Zefania usiku. Mashine pale Misigiri iliwekewa fundi mwingine, akaja mtu akamwambia wakulima wanamcheka, wanasema fundi amekuwa kangaruu. Zefania alimwambia awapelekee salamu. Mtoto alifika kilo moja na gramu mia nane, akaanza kunyonya mwenyewe kwa pupa, na siku ya kuruhusiwa daktari Fredrick aliwakalisha wote wawili akawaeleza kwamba presha ya Evodia itafuatiliwa miezi mingi bado, na kwamba wakitaka mtoto mwingine waje waulize kwanza, siyo waje wakiwa wameshachelewa. Safari hii Zefania alichukua kadi yeye mwenyewe, akaisoma yote, akauliza maneno asiyoyaelewa.

Jina halikupatikana kirahisi. Walibishana siku tatu, kila upande na jina lake, mpaka Evodia akasema aliyechomwa sindano na kuchanwa tumbo ni yeye, na mtoto ataitwa Stumai. Agripina, muumini wa Kilutheri wa siku zote, alisema hata kama ni la Kiislamu ni jina zuri tu, nesi yule alifunga zahanati kwa ajili yao.

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani kulikuwa na ubaridi. Zefania alikuwa ameketi uani, shati wazi, mtoto kifuani, Evodia amelala ndani. Agripina alitoka jikoni akijifuta mikono. Kikohozi kilikuwa kimekwisha siku nyingi. Alisimama, akazunguka, akaokota kuni ambayo haikuwa njiani.

"Nimezaa saba," alisema, "nikazika wawili. Mmoja alikuwa kama huyo. Tulimweka kwenye pamba kando ya moto." Hakumtazama mwanawe. "Hakuna aliyetuambia."

Zefania alimsogezea kigoda kwa mguu.

"Hebu nifunge na mimi," alisema Agripina. "Nionyeshe hilo fundo mnalianzia wapi."

Alisogea, akaketi kwenye kigoda, akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake, na Zefania akainuka polepole, mkono mmoja umeshika kichwa cha binti yake, kwenda kumfundisha.